Nyota Niliyodaiwa Kisondela

Tukuyu, Jumatatu asubuhi

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku kwenye baridi, na najua utaitikia kwa sauti hata kama uko peke yako chumbani. Mguu unaendeleaje? Mdogo wangu Shukuru ameniambia umeacha kuyapaka yale mafuta kwa sababu yananuka. Mama, dawa si marashi. Paka. Na paa la jikoni limezibwa, au bado mnatega sufuria mvua ikinyesha?

Mimi mzima, alhamdulillahi. Nimekonda kidogo usoni lakini tumbo lipo, maana ndizi za huku hazimruhusu mtu kukonda sawasawa. Asubuhi navaa sweta mbili na koti, wenyeji wananicheka, wao wanapita na shati moja.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Kwanza, nikikupigia unaweka sauti kubwa na mtaa mzima unasikiliza, na haya si ya mtaa. Pili, humu ndani kuna picha mbili, na picha ya kwenye simu haina mgongo wa kuandikia. Tafadhali usirukie mwisho kama ulivyozoea. Soma taratibu, kuna jambo nimekuficha miaka sita na leo nalisema.

Kazi si mbaya. Studio yangu iko karibu na soko. Siku za kawaida ni pasipoti na vitambulisho, Jumamosi harusi, na msimu wa kipaimara watoto wanakuja na soksi nyeupe mpaka magotini. Mwezi wa sita alinijia mama mmoja mwenye nyumba ya wageni hapa mjini. Anataka picha kubwa ya mlima Rungwe, imepigwa usiku, nyota ziko juu yake, aitundike mapokezi. Akasema, "Wageni wanatoka mbali kuja kuuona mlima, wanakuta ukungu. Angalau wauone ukutani." Nikamwambia hakuna shida. Unanijua, Mama. Mimi nikisema hakuna shida, ndipo shida inapovua viatu na kuingia ndani.

Mjini haikuwezekana. Taa ni nyingi, anga inatoka na rangi ya chai ya maziwa. Nikaelekezwa Kisondela, kwa bibi mmoja anaitwa Bibi Subilaga, uwanja wake uko wazi upande wa mlima na kila upande mwingine ni migomba na miparachichi. Ni mkulima, mtu wa kanisa sana, anaishi na mjukuu wake Atupele aliye kidato cha nne. Kiswahili chake kimevaa Kinyakyusa, r kwake ni l na sh ni s, lakini kinaeleweka vizuri. Alinikubalia nitumie uwanja, akanipa na kigoda.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana wewe ulikaa na marehemu Baba kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha miaka ishirini, utanielewa kuliko vijana wa hapa. Mambo ni yale yale matatu: tundu la lenzi, muda wa kuacha mlango wazi, na ukali wa filamu. Ila sasa filamu hakuna, ukali ni namba tu unaichagua, wanaiita ISO. Tundu nililifungua lote. Lenzi yangu si ya kitajiri, inaishia tatu na nusu. Ukali niliuweka elfu sita na mia nne kwa pupa, picha ikajaa chenga kama ile televisheni yetu wakati wa upepo. Nikashuka mpaka elfu tatu na mia mbili, ikatulia. Fokasi ndiyo ilinitoa jasho kwenye baridi. Gizani kamera haioni, inahangaika mbele na nyuma kama mbuzi aliyefungwa kamba. Inabidi uzime ile fokasi ya kujiendesha yenyewe, uikuze nyota moja kwenye kioo cha nyuma, uzungushe lenzi kwa mkono mpaka nyota iwe ndogo kuliko zote, halafu uifunge kwa utepe isisogee.

Umande nao. Kila baada ya picha tatu lenzi inalia machozi. Bibi Subilaga ndiye aliyenifundisha: unapasha mahindi kwenye kikaango, unayatia kwenye soksi, unaizungushia lenzi kama shingo ya mgonjwa. Imefanya kazi kuliko vitu vyote nilivyowahi kununua dukani.

Ukabaki muda. Ukiacha mlango wazi sekunde tano, unapata nyota za kuhesabika. Ukiacha dakika nzima, zinaanza kuwa mistari, kwa sababu dunia inazunguka na haimsubiri mpiga picha. Nilijaribu na kujaribu, nikaona kwa lenzi yangu sekunde ishirini ndio mpaka. Zikizidi hapo, nyota zinaota mikia.

Na hapa ndipo nilipoharibu. Unakumbuka ulivyokuwa ukipima muda wa karatasi chini ya taa ya Baba? Ulikuwa unasoma Kulhuwallahu polepole, ukimaliza mara mbili, picha imeiva. Nami nimekulia hapo. Kamera yangu inajihesabia yenyewe, lakini kidole kikibonyeza mdomo unaanza wenyewe. Basi niangalie kwa macho ya jirani yake Bibi: mgeni, tena mtu wa Tanga, amesimama kwenye migomba, kofia imemfunika masikio, mbele yake kitu cha miguu mitatu kimeelekezwa mbinguni, naye ananong'ona Kiarabu. Mimi mwenyewe ningejikimbia.

Safari ya tatu nilitaka kujaribu kitu. Nikashusha ukali mpaka chini kabisa, nikaacha mlango wazi nusu saa nzima, kila nyota ikachora mstari wake mrefu, ikawa picha nzuri sana. Atupele alikuja kuchungulia kwenye kioo akauliza, "Mbona zimevutwa?" Bibi alikuwa nyuma yetu na vikombe vya chai. Akatazama, akaniuliza, "Mwanangu, hapa unafanya nini hasa?" Nami kwa haraka na meno yanagongana nikamjibu, "Nachukua nyota, Bibi."

Sikusema picha. Neno moja, nililimeza na baridi. Bibi akanikabidhi kikombe, akarudi ndani, na mimi sikuona kitu.

Wiki mbili baadaye yakatoka matokeo ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Atupele, ambaye walimu walikuwa wanamtaja kwa jina kila kikao cha wazazi, hesabu amepata sifuri na mengine amechechemea. Habari ikateremka kutoka Kisondela mpaka mjini kabla mimi sijaisikia. Mama mmoja alimleta mwanawe kwangu apigwe pasipoti. Kabla sijawasha taa akaniuliza, "Fundi, hii inapiga sura tu, au inachukua na kingine?" Nikadhani anatania. Akamshika mtoto mkono, wakatoka. Wiki ile sikupata mtoto hata mmoja mbele ya kamera, wakati msimu wa kipaimara ulikuwa umefika. Mji huu ni mdogo, Mama. Mpiga picha anayeogopwa hana kazi, na pa kurudi sikuwa napo, maana Tanga nilishaondoka kwa aibu.

Halafu mwenyekiti wa kitongoji akanipigia simu. "Fundi, kuna neno dogo. Njoo Jumapili baada ya ibada." Ukisikia neno dogo kutoka kwa mwenyekiti, ujue viti vimeshaazimwa.

Nilivikuta uwanjani kweli. Mwenyekiti na karatasi yake, majirani kama kumi, Atupele kwenye mlango wa jiko, kichwa chini. Bibi Subilaga akasimama, bado yuko na nguo za kanisani. Akasema bila hasira, "Mwanangu, mimi sikugombi. Chai yangu umekunywa, mahindi yangu umeyafunga kwenye soksi. Nyota ya mjukuu wangu niludisie tu, uende kwa amani."

Nirudishie. Wallahi, Mama, kicheko kilinifika kooni. Kisha kikarudi chini chenyewe, kwa sababu maneno yale nilishawahi kuyasikia. Niliyasikia nyumbani kwetu, ukumbini, kutoka kinywani mwako. "Mrudishie mwanangu nyota yake." Shangazi Mwanahamisi, dada yake Baba, amesimama mlangoni na kikapu cha maandazi, hata hajakitua. Akasema, "Nirudishe nini, wifi, nisichokichukua?" Mimi nimekaa mkekani namenya chungwa. Sikuinua macho. Shangazi akakiweka kikapu chini na maandazi yake, akatoka, na hajakanyaga kwetu mpaka leo.

Kumbe ukiwa umekaa na chungwa lako hujui chochote. Safari hii mimi ndiye niliyesimama, na ninakwambia, jibu halipo. Ukikataa, wanasema mwizi hakiri. Ukicheka, una dharau. Ukikasirika, umeguswa penyewe. Niliona aibu kwa ajili ya Shangazi mpaka masikio yakawaka, miaka sita baadaye, mbele ya watu wasiomjua.

Nikamwambia, "Bibi, nilikosea neno. Nilisema nachukua nyota, nilipaswa kusema nazipiga picha. Mbingu ikitakata leo jioni njooni nyote. Atupele ndiye atakayebonyeza, mimi sitaigusa kamera."

Mwenyekiti akauliza, "Na yale maneno?"

"Maneno gani, Mzee?"

"Ya Kiarabu."

Nikawaeleza habari zako na chumba cha giza, na Kulhuwallahu mbili kwa kila karatasi. Nikawaambia maana yake, kwamba Mungu ni mmoja. Wanawake wawili wakacheka, mmoja akasema hata yeye yai la kuchemsha analipima kwa wimbo wa kwaya. Bibi hakucheka. Akasema kama ni kuhesabu tu, basi atahesabu yeye, kwa Baba Yetu.

Jioni ilikubali. Mwezi huu wa saba kuna siku huku mbingu inakuwa kama imepigwa sabuni. Nilikaa kwenye kigoda, mikono kwapani, nikawa namwelekeza Atupele kwa mdomo. Tundu, fungua lote. Ukali, elfu tatu na mia mbili. Fokasi, kuza ile nyota, zungusha, zungusha, rudi kidogo, hapo. Nikamwambia auweke muda kuwa mkononi mwake: ukibonyeza mlango unafunguka, ukiachia unajifunga. Yule mtoto ana mkono mtulivu kuliko wangu. Bibi akafunga soksi ya mahindi mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie.

Mara ya kwanza Bibi alisali yote, mpaka amina, kwa ule mwendo wake wa mzee asiye na haraka na Mungu. Atupele akaachia. Tukatazama. Kila nyota ilikuwa na mkia mfupi.

Mwenyekiti akasema, "Kumbe zinavutwa hata na Baba Yetu." Hapo watu walicheka wote, na Bibi akacheka, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Waliona wenyewe kwamba hakuna anayevuta. Ni muda tu.

Bibi akauliza akomee wapi. Nikamwomba arudie kwa kunong'ona, nikashika saa. Sekunde ishirini zilimwangukia kwenye "utusamehe makosa yetu." Nikamwambia, "Basi hapo hapo, Bibi. Usiendelee." Akaanza upya, akafika "utusamehe makosa yetu," na Atupele akaachia kidole.

Ndiyo picha uliyonayo mkononi. Mlima mweusi, nyota zote ni nukta, na ule mkanda mweupe wa nyota unateremkia bega la kulia la mlima. Nimepiga picha tangu nikiwa na miaka kumi na tano, Mama, na iliyo nzuri kuliko zote sikuibonyeza mimi.

Bibi akainama kwenye kioo. "Ya Atupele ni ipi?"

Ningeweza kuonyesha yoyote kwa kidole, shauri likaisha, tukaenda kula. Nikasema, "Sijui, Bibi. Nikisema naijua, nitakuwa mganga kweli."

"Lakini zote zipo?"

"Zote zipo."

Akatazama juu, akatazama kioo, akatazama juu tena, kama mtu anayehakiki vifaranga jioni. Na hapo Atupele akasema, hakuna aliyemuuliza: "Bibi, hakuna aliyechukua kitu. Hesabu sikusoma. Nilikuwa nasema nasoma, kumbe niko kwenye simu ya rafiki yangu chini ya blanketi." Alisema kwa sauti, mwenyekiti yupo, majirani wapo. Bibi akamtazama, akasema kitu kwa Kinyakyusa ambacho hakuna aliyejitolea kunitafsiria. Kisha akanigeukia mimi, akanishika mikono yote miwili, akasema ndaga fijo, yaani asante sana. Akaomba nimsamehe. Nikamwambia nimeshasamehe, na ni kweli, lakini sikuweza kumtazama usoni, na sababu ni hii.

Mtoto wa miaka kumi na saba alisema mbele ya watu kile nilichoshindwa kukisema mimi nikiwa na ishirini na sita. Sasa nakisema. Ile harusi ya Chumbageni iliyotuangusha, kadi ya kamera haikuoza. Hakuna aliyeniloga. Nilirudi studio nimechoka, nina haraka ya kwenda kutazama mpira, na kesho yake kulikuwa na kazi nyingine. Nikaingiza kadi kwenye kamera, nikabonyeza futa yote bila kutazama ni kadi gani. Siku mbili za harusi zikaondoka. Na bibi yake bibi harusi alikuwa humo, amekaa kwenye kiti cha mbele, akafariki kabla ya mwezi kwisha, na wale watu hawana picha nyingine yake. Niliwaambia kadi imekufa. Nilikwambia wewe hivyo hivyo. Wateja walipotukimbia, ukanipeleka kwa yule mtaalamu wa ramli, akasema nyota imechukuliwa na mwanamke wa upande wa baba. Nilijua ni uongo hata kabla hajamaliza. Nikanyamaza kwa sababu uongo wake ulinisitiri, na aliyeubebea lawama ni Shangazi, ambaye kosa lake lilikuwa kunishika kichwa wiki ile na kuniombea dua.

Utakasirika, na ni haki yako. Kasirika, lakini kasirika na mimi. Watu wa ile harusi nitawaandikia wao wenyewe, nimeshaianza barua yao na ni nzito kuliko hii.

Ya huku yamekwisha vizuri. Watoto wa kipaimara wamerudi na soksi zao. Mwenye nyumba ya wageni, baada ya taabu yote hiyo, aliiona ile ya mistari akasema ndiyo anayoitaka, hii ya nukta eti imetulia mno. Basi hii imekuwa ya Kisondela. Bibi ameitundika pembeni ya kalenda ya kanisa, na majirani wanakuja kuniomba picha yenye nyota za watoto wao. Wote nawachapia hiyo hiyo moja. Atupele sasa anasomea mezani, na Bibi anakaa mbele yake akichambua maharage.

Nisalimie Shukuru, mwambie paa halizibwi kwa maneno. Nisalimie mjomba Hamadi, kaka yako, na magoti yake. Msalimie Bi Rehema jirani, najua anaisikiliza barua hii hata kama umeisoma kimoyomoyo. Wajukuu wako wa kwa dada wabusu wote, yule mdogo mara mbili.

Nyuma ya kila picha nimeandika kama alivyokuwa akiandika Baba: tundu, ukali, muda. Tundu tatu na nusu. Ukali elfu tatu na mia mbili. Muda, mpaka "utusamehe makosa yetu." Moja ni yako. Ya pili ni ya Shangazi Mwanahamisi, na yake nimeongeza mstari chini: "Zote zipo, Shangazi. Sikuibiwa, nilifuta mwenyewe." Mpelekee kwa mkono wako, usimtume Shukuru.

Shukuru aliniambia kile kikapu cha maandazi bado kiko juu ya kabati la jikoni, hujakitumia na hujakitupa. Kioshe, Mama, kijaze, uende nacho. Kama kuna kitu cha mtu kilichobaki kwetu miaka yote hii, ni hicho. Mrudishie.

Mwanao,
Salimu